Likizo ya Juni, mwalimu, na kutu isiyokuwepo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Ruvuma, huu ni mwaka wa 11 kazini. Nafundisha Hisabati na Sayansi madarasa ya juu. Shule zikifungwa Juni naenda na mume wangu na watoto kwa wakwe zangu Mbinga. Kule ni mahindi na kahawa, na usiku nikipata nafasi nashika simu mpaka usingizi unichukue. Julai nikirudi najikuta mzito kama gunia. Mwaka jana, wiki ya kwanza tu baada ya kufungua, nilikuwa nafundisha darasa la sita kugawanya sehemu kwa sehemu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini ile ya pili tunaigeuza halafu tunazidisha?" Nikasimama na chaki mkononi, sina la kusema. Nikamwambia ndiyo kanuni, andika. Hadi leo nikikumbuka naona aibu. Nahisi kila likizo akili yangu inashika kutu. Nifanye nini mwezi huu ili isilale? Nijiunge na masomo ya mtandaoni? Na ile michezo ya simu ya kunoa ubongo, inasaidia kweli?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na poleni na mavuno. Nimefundisha saikolojia ya elimu chuo cha ualimu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako nimewahi kuletewa na walimu wengi, ila wewe umelileta na ushahidi wake. Kwa hiyo nianze na yule mtoto.

Unasema akili ilishika kutu likizoni, ndiyo maana ukakosa jibu. Nikuulize kama mkubwa wako kazini: jibu lile ulikuwa nalo Mei? Ulikuwa nalo mwaka juzi? Nadhani hukuwa nalo, na usione vibaya. Mimi mwenyewe nilifundisha sehemu miaka sita kabla sijaulizwa, na siku niliyoulizwa nilisema maneno yako yale yale: ndiyo kanuni. Tulifundishwa hivyo, tukafaulu hivyo, tukaajiriwa hivyo. Likizo haikukupokonya kitu pale. Ilitokea tu kwamba wiki ya kwanza ya Julai, mtoto mwenye akili iliyopumzika alimkuta mwalimu wake mahali ambapo hajawahi kufika.

Jibu lenyewe liko dukani. Mwenye duka amebakiwa na sukari kilo robo tatu. Anataka kuifunga katika vifuko vya nusu robo, maana ndivyo watu wanavyonunua mwisho wa mwezi. Vitatoka vifuko vingapi? Nusu robo ni moja ya nane ya kilo. Usimwambie mtoto ageuze chochote; muulize kwanza, kilo nzima ingetoa vifuko vingapi? Atasema vinane. Hapo ndipo kugeuza kulipojificha: ile moja ya nane imekuwa nane kwa sababu kilo moja ina nusu robo nane, basi. Sasa mwenye duka hana kilo nzima, ana robo tatu yake, kwa hiyo atapata robo tatu ya vifuko vinane, yaani sita. Umegawanya 3/4 kwa 1/8 na kumbe umezidisha 3/4 kwa 8. Na kama kifuko kingekuwa kikubwa mara tatu, yaani 3/8 ya kilo, vifuko vile sita ungeviunganisha vitatu vitatu, ukapata vikubwa viwili. Ndiyo maana 8 inapanda juu na 3 inashuka chini. Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani anaelewa hilo kabla ya kipindi kuisha.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Umesoma aya moja, na nadhani kuna kitu kimechezacheza kichwani, hata kama unachuma kahawa. Hicho ndicho unachokitafuta Juni, na hakihitaji vocha ya intaneti.

Sasa niseme ninachoamini baada ya miaka yote ile. Kinachomzeesha mwalimu kiakili ni kujibu, kuliko kupumzika. Kuanzia Januari hadi Mei unajibu. Vipindi sita kwa siku, madaftari ya kusahihisha, zamu, mzazi amesimama mlangoni, afisa elimu kata anataka takwimu kabla ya saa nane. Karibu kila unachojibu ulishakijua tangu mwaka wako wa tatu kazini. Mtu anaweza kuchoka hoi kwa namna hiyo na bado akili yake ikawa haijatembea hatua moja mbele. Kwa hiyo mwalimu akifika likizo hahitaji kazi zaidi ya aina ile ile, wala hahitaji kulala mwezi mzima. Anahitaji kukaa upande wa pili wa dawati.

Hata hivyo kuna kitu kidogo cha kweli katika hofu yako, nisikudanganye. Kisichotumika hufifia. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mwanzoni kabisa, saa na siku za kwanza, kisha mteremko unapungua. Lakini aliona jambo la pili ambalo watu hulisahau, na kwako ndilo muhimu: kitu alichodhani kimepotea, alipokirudia alikishika kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Ule uzito wako wa Julai ndio huo. Ni siku tatu nne za injini kupata joto. Dereva wa Njombe asubuhi ya baridi ya Juni hasemi gari limekufa.

Basi mwezi wako uupangeje?

Wiki ya kwanza, pumzika. Nasema hivi kwa sababu walimu wenye bidii kama wewe ndio wanaoiruka wiki hii. Wanafunga shule Ijumaa, Jumatatu wameshafungua daftari. Wanasaikolojia wawili, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007 walitoa hojaji ya kupima namna mfanyakazi anavyojirudishia nguvu akiwa nje ya kazi. Walitaja mambo manne. La kwanza ni kujitenga na kazi kimawazo, maana mwili unaweza kuwa Mbinga huku kichwa kingali ofisini kwa mwalimu mkuu. La pili ni kutulia. La tatu ni kupata umahiri wa jambo jipya lisilohusiana na kazi. La nne ni kujiamulia mwenyewe namna ya kutumia muda wako. Nimelitumia darasa hilo la mambo manne kwa walimu wengi, na karibu kila mara wanawake wananyamaza tukifika la nne.

Najua kwa nini. Likizo yako ni ya ukweni. Unaamka kabla ya jogoo, maji, uji wa watu kumi, shamba, kuni, na jioni mgeni amefika. Ukikaa dakika tano, mama mkwe hasemi kitu ila anaanza kufagia pale ulipokaa. Nikikuambia "soma vitabu vinne" nitakuwa nakucheka. Na ile simu unayoshika usiku mpaka usingizi ukuchukue, mimi siioni kama uvivu. Nadhani ni saa pekee ya siku ambayo ni yako, na unaitumia vibaya kwa sababu imekuja ukiwa umeshaisha.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza Juni hii ni mazungumzo na mumeo kabla hamjapanda basi. Omba saa moja ya mchana. Moja tu, yenye wakati unaojulikana, labda saa tisa hadi saa kumi, watoto wakiwa kwa baba yao. Usiiite kupumzika, maana ukweni neno hilo lina masikio mabaya. Sema una kazi ya shule, na hutakuwa umesema uongo. Nina mwalimu mmoja niliyemfundisha, yuko kanda ya ziwa, aliniambia saa hiyo yeye huikalia chini ya mwembe na daftari wazi mapajani, na kwamba kwa wiki nzima ya kwanza hakuandika hata mstari. Alikuwa anatazama kuku. Nikamwambia hiyo wiki haikupotea.

Kuhusu lile jambo la tatu, umahiri wa jambo jipya, hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapotaka ukae sana.

Nilipostaafu nilirudi pwani, na kwa kuwa sina la kufanya alasiri, nikaanza kukaa barazani panapochezwa bao. Nilikuwa nimefundisha hesabu na saikolojia maisha yangu yote, nikadhani miezi miwili itanitosha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi tu ubaoni, sita kwenye shimo liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 amezishika mkononi, anaziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, na hapo ndipo mtu hupotea kabisa, kwa sababu mkono mmoja unaweza kuzunguka na kuzunguka, ukila na kuendelea, kabla haujalala. Fundi wangu alikuwa mvuvi aliyeishia darasa la nne. Anatazama ubao kwa muda wa kumeza mate, anajua kete ya mwisho itaangukia wapi. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kidole hewani, na baraza nzima inacheka.

Nilifungwa wiki tatu mfululizo. Lakini kufungwa si hoja. Hoja ni kwamba kila nilipomuuliza "umejuaje?" alinijibu "angalia." Tu. Angalia. Siku ya nne nilikasirika kimoyomoyo, nikasema huyu mzee hajui kufundisha, na papo hapo nikakumbuka nilivyokuwa nasema darasani: "Si mnaona? Ni rahisi." Miaka thelathini na kitu nilisema neno lile "rahisi" nikidhani namtia mwanafunzi moyo. Barazani, nikiwa na umri wa babu na kete zangu zikiliwa, ndipo nilipojua linavyouma. Hakuna semina iliyonifundisha hilo.

Sikwambii ukacheze bao. Najua mabaraza mengi bado ni ya wanaume, na kule uliko huenda halipo kabisa. Nakwambia utafute kitu ambacho utakuwa mjinga nacho mbele ya mtu anayekijua. Na kwa bahati yako, unakwenda mahali penye walimu wa namna hiyo kila kona.

Mwulize mama mkwe wako habari za ngoro, yale mashamba ya vishimo ya milimani. Wewe ni mwalimu wa Sayansi, umefundisha mmomonyoko wa udongo kwa picha ya kitabuni, na kila Juni unapita katikati ya moja ya majibu mazuri kuliko yote ambayo watu wamewahi kuyapata. Wamatengo, wenyeji wa huko Mbinga, wanalima milima ambayo mtu wa bondeni angeogopa kuipanda. Wanafyeka majani, wanayalaza kwa miraba kama nyavu, wanayafukia kwa udongo unaochimbwa katikati, na shamba zima linabaki na vishimo vinavyoshika maji ya mvua yasikimbie na udongo. Majani yanaozea humo humo yakawa mbolea. Ngoro hulimwa mvua zinapoelekea kuisha, Machi hivi, kwa hiyo Juni hutamkuta mtu akichimba, lakini zitakuwepo shambani, na mama atakuwepo. Swali lako liwe la mwanafunzi, si la mkaguzi. Kwa nini mraba na si mstari? Kazi ipi ya mwanaume, ipi ya mwanamke, na kwa nini? Nini hutokea ukiilaza nyasi vibaya? Usimsahihishe hata akisema jambo ambalo kitabu kinakataa. Sikiliza, jioni chora kwenye daftari bila kumwonyesha, kesho mpelekee mchoro. Atakucheka, atakurekebisha. Na sitashangaa kama kufagia chini ya miguu yako kutapungua kidogo.

Kahawa nayo vivyo hivyo. Unaichuma ikiwa nyekundu, inamenywa siku ile ile, inachachushwa ili ule ute unaoteleza utoke, inaoshwa, inaanikwa. Kwa nini ichachushwe? Ute ule unaliwa na nini? Ikikaa zaidi ya siku zake inanuka nini, na mnunuzi anajuaje? Hayo ni maswali ya Sayansi darasa la sita, yako kwenye ndoo mbele yako. Kama kahawa yenu inapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, nenda nayo siku moja ukasimame karibu na mashine na mzani. Na kwenye mahindi, ukisikia gunia la debe sita na la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo, hesabu mkulima anapoteza sehemu gani ya mavuno yake kwa kila gunia. Una mfano wa sehemu na asilimia ambao darasa lako halitausahau, kwa sababu baba zao wanaupigia kelele nyumbani.

Mwalimu Nyerere, ambaye kabla siasa haijamchukua alifundisha Tabora na Pugu, katika miaka ile ile ya kujenga serikali alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Moja ikatoka 1963, nyingine 1969. Nimewahi kusikia watu wakishangaa alipata wapi nguvu. Mimi sishangai sana. Nadhani nguvu ilikuwa inatoka humo humo, katika saa ambazo hakuna waziri aliyekuwa anamngoja ajibu. Lakini huu ni uono wangu tu, na tusipotee njia.

Michezo ya simu ya kunoa ubongo: usitumie pesa yako huko. Ukiicheza sana utakuwa hodari wa kuicheza, na hapo ndipo faida inapoishia kwa sehemu kubwa. Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ya michezo hiyo ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuishtaki kwa kuwaahidi watu mambo isiyoweza kuyathibitisha. Fumbo la maneno gazetini ni starehe nzuri, nami nalijaza, ila silijazi kama dawa.

Kusoma ni jambo jingine, lakini na hapo tunakosea namna. Mwalimu anasoma kurasa kumi usiku, kesho hakumbuki hata moja, anasema akili imechoka. Jaribu hivi: soma kurasa mbili tatu tu, funga kitabu, chukua kalamu, andika ulichokumbuka bila kuchungulia. Kisha fungua uone ulichoacha. Inaudhi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ya jambo hili mwaka 2006: waliosoma na kurudia kusoma walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima wenyewe ndio waliokuwa mbele. Tunawafanyia wanafunzi majaribio kila Ijumaa, ila sisi wenyewe tukisoma tunajionea huruma. Na usisome ualimu tu. Soma riwaya ya Kiswahili, soma historia ya mahali uliko, soma kwa sauti watoto wakisikiliza. Sauti yako nayo imezoea kutoa amri mwaka mzima, iache isimulie.

Umeuliza masomo ya mtandaoni. Serikali ina mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wake wa kujifunzia mtandaoni pamoja na maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Ni vitu vizuri, vitumie. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, na wale walioanza nao darasa la tatu wanapanda nao, kwa hiyo darasa baada ya darasa unawafikia ninyi wa juu. Kuufungua mapema ni busara. Lakini ushauri wangu ni kwamba usiufungue wiki ya kwanza wala ya pili. Na ukiufungua, usiusome kuanzia jalada hadi jalada kama unayejiandaa kukaguliwa. Tafuta mada moja unayoipenda na moja unayoiogopa, ulinganishe na ulivyozoea kufundisha. Mbili zinatosha kwa Juni. Jumuiya ya kujifunza ya shuleni kwenu itasubiri. Ndiyo kazi yake muhula ukianza.

Kundi la WhatsApp la shule, zima mlio wake. Usijitoe, watasema. Zima mlio, fungua mara moja kwa siku, mchana, kamwe usiwe usiku kabla ya kulala. Ujumbe mmoja wa mwalimu wa taaluma saa tatu usiku unakurudisha kazini kwa saa mbili, na hulipwi.

Kama unafundisha tuisheni likizo nzima kwa sababu ada ya mwanao inadaiwa, sitakuhukumu, mshahara wa mwalimu naujua. Ila jiwekee angalau siku kumi ambazo hushiki chaki kabisa, na uzihesabu kama unavyohesabu pesa. Watafiti waliowafuatilia wafanyakazi kabla na baada ya likizo wameona tena na tena kwamba nafuu ya likizo huyeyuka ndani ya wiki chache baada ya kurudi. Kwa hiyo ile saa moja ya mchana unayoipigania ukweni, rudi nayo nyumbani, uifanye ya Jumamosi.

Wiki ya mwisho ndiyo ya kuwasha injini polepole. Sio Jumapili usiku, na pasi mkononi, ukijiuliza azimio la kazi liko wapi. Anza kama siku tano kabla. Siku ya kwanza fungua tu daftari la andalio la somo uone muhula uliishia wapi. Siku ya pili chagua kipindi kimoja, kimoja tu, kile utakachoanza nacho, ukiandae kana kwamba hujawahi kukifundisha. Kisha mfundishe mtoto yeyote aliye karibu, wa kwako au wa jirani, kwa mahindi au mawe, umwombe akuulize kwa nini. Akikukwamisha, mshukuru, andika.

Na hapo nakuletea kitu kimoja cha kununua: daftari dogo, la kurasa 32 linatosha. Juu yake andika "Kwa nini". Muhula mzima, kila mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie wazi, "Swali zuri, sijui, naliandika," kisha uliandike mbele yake pamoja na jina lake na tarehe. Darasa halitakudharau. Nimeona kinyume chake: watoto wanaanza kutafuta maswali ya kuingia kwenye daftari la mwalimu kama wanavyotafuta nyota nyekundu. Likizo ikifika, unachagua matatu kati ya hayo. Hiyo ndiyo programu yako ya kunoa ubongo, na imeandikwa na wanafunzi wako.

Neno moja la pembeni, huenda halikuhusu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu wa kazi kuwa si ugonjwa bali hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa: mtu ameishiwa nguvu, moyo umejitenga na kazi au ameanza kuidharau, na anajiona hafanikishi kitu. Katika barua yako sioni hayo. Mtu aliyeidharau kazi haoni aibu mwaka mzima kwa swali la mtoto. Lakini kama wiki mbili zinapita huna raha na chochote, usingizi haushikiki au hauishi, chakula hakipandi, au unajiwa na mawazo ya kuona maisha hayana maana, hayo si ya kutibiwa na ngoro wala kitabu. Nenda kituo cha afya, waeleze hivyo hivyo bila kupunguza.

Yule mtoto wa darasa la sita sasa atakuwa la saba, na Septemba ana mtihani wa taifa. Julai mwite wakati wa mapumziko. Nenda na sukari kilo robo tatu na vifuko vya karatasi, mpe mzani kama shule inao, la sivyo tumia kikombe. Mwambie: mwaka jana uliniuliza swali, nikakujibu vibaya. Afunge mwenyewe. Vikitimia sita, mwachie achukue viwili apeleke nyumbani, na jina lake liwe la kwanza katika lile daftari.